Mwenye ugonjwa wa vali ya moyo, homa wiki ya nne, ameshachomwa seftriaksoni: naanzia wapi?

Tabibu_Wilayani ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naomba mwongozo kuhusu endokadaitisi, yaani maambukizi ya utando wa ndani wa moyo na vali zake, kwa mazingira ya hospitali ya wilaya.

Mgonjwa ni mama wa miaka ishirini na kitu, anajulikana kuwa vali yake ya maitro (ya upande wa kushoto wa moyo) inavuja kwa sababu ya homa ya baridi yabisi (rheumatic fever). Homa ya kupanda na kushuka, wiki ya nne sasa. Jasho la usiku, kilo zimepungua, anachoka akitembea hadi bombani. Alikopita ni kule kule kwa siku zote: mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) hasi lakini akapewa ALu, dawa ya malaria, kisha Widal (kipimo cha taifodi) ikasemwa chanya akapewa siprofloksasini, kisha seftriaksoni gramu 1 kwa siku 5. Homa ikakata siku ya tatu, akaruhusiwa. Siku nne baada ya sindano ya mwisho imerudi.

Leo joto 38.6, mapigo 104, presha 110/60, oksijeni 96%. Miguu haijavimba na analala chali bila kukabwa. Hb (wingi wa damu) 8.9, ESR (kipimo cha uvimbe mwilini) 88, kreatinini (kipimo cha figo) ya kawaida, mkojo una damu kwenye darubini. Makohozi ya TB hasi. Mlio wa moyo upo, ila ulikuwepo tangu zamani. Eko ya kifuani (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) tunayo: vali imeonekana nene, bonge la maambukizi halikuonekana. Chupa za kalcha ya damu (kuotesha damu kutafuta bakteria) ni chache na hupelekwa hospitali ya rufaa.

Je, bado naweza kushuku endokadaitisi? Nianze dawa leo au nisubiri kalcha? Na dozi ni zipi, kwa muda gani?

---

Dkt_Zamu amejibu:

Pole na kazi, tabibu. Ishuku, tena iweke ya kwanza kwenye orodha yako. Mtu mwenye vali mbovu ambaye homa yake inakata kwa siku chache za antibiotiki kisha inarudi ndani ya wiki, ana endokadaitisi mpaka ithibitike vinginevyo.

Sababu iko kwenye lile bonge lenyewe. Ni mchanganyiko wa fibrini, chembe sahani na bakteria waliobanana, lisilo na mishipa ya damu ndani yake, na chembe nyeupe hazifiki vizuri. Seftriaksoni ya siku 5 inawafagia waliomo kwenye damu, homa inashuka, kila mtu anafurahi. Waliojificha ndani ya bonge wanaendelea, na wengi wao hukua polepole, hivyo dawa zinazoua bakteria wanaojigawa hazina makali kwao. Ndiyo maana tiba ni wiki 4 hadi 6 kwa mshipa na kwa dozi kubwa. Ubaya wa pili wa zile siku 5 ni kwamba zinaipofusha kalcha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika njia ya mama huyu: amepata antibiotiki mara mbili na hakuna aliyevuta damu ya kuotesha hata mara moja.

Eko isikutulize. Ile ya kifuani hukosa takribani wagonjwa 3 kati ya 10 wenye vali asili, na kwa vali bandia hukosa hadi nusu. Eko ya kupitia kooni huona zaidi ya 9 kati ya 10. Vali ya baridi yabisi ni nene na ina makovu, kwa hiyo bonge dogo hujificha humo, na wakati mwingine kovu nalo hudhaniwa kuwa bonge. Rudia eko baada ya siku 5 hadi 7 kama shaka ipo.

Mchunguze upya kwenye mwanga wa dirisha. Vuta kope la chini uone kama kuna vidoa vya damu, angalia kaakaa, kucha, viganja na nyayo. Kwenye ngozi nyeusi madoa mengi ya vitabuni hayaonekani mkononi wala kifuani. Viganja, nyayo na utando wa jicho ndiko yanakojitokeza. Vinundu vya Osler viko kwenye ncha za vidole na vinauma. Madoa ya Janeway yako kwenye viganja na nyayo na hayaumi. Papasa bandama. Shika mapigo ya mikono na miguu yote. Muulize kuhusu maumivu ya mgongo, kwa sababu bakteria hutua kwenye pingili, na malalamiko hayo hupewa diklofenaki yakasahaulika. Fungua mdomo uhesabu meno yaliyooza. Mlio wa moyo ulinganishe na maandishi ya zamani: kinachohesabika ni uvujaji mpya, na kuongezeka kwa mlio wa zamani peke yake hakutoshi.

Kwa vigezo vya Duke (orodha ya dalili na vipimo, vikubwa na vidogo, vya kutambua endokadaitisi), uhakika unahitaji vikubwa 2, au kikubwa 1 na vidogo 3, au vidogo 5. "Inawezekana" ni kikubwa 1 na kidogo 1, au vidogo 3. Mama huyu kwa sasa ana vidogo 2 tu: vali yenye kasoro na joto la 38 au zaidi. Damu kwenye mkojo inaashiria figo kuguswa, lakini peke yake haitoshi kuitwa glomerulonefraitisi, yaani uvimbe wa vichujio vya figo. Kipimo cha rheumatoid faktori (aina ya kingamwili kwenye damu) kikiwa chanya, au daktari wa macho akiona madoa ya Roth (vidoa vya damu ndani ya jicho), unapata cha tatu. Kalcha chanya itabadilisha hesabu yote. Vigezo hivi vilitungwa ili watafiti wazungumze lugha moja. Havikukatazi kumshughulikia mgonjwa kabla hajafikisha idadi.

Kuhusu kuanza dawa: kwa hali uliyoieleza, leo usianze. Presha inashikilia, hakuna maji kwenye mapafu, hakuna dalili ya kiharusi. Mlaze, vuta seti tatu za kalcha leo hii, usimpe antibiotiki yoyote. Zikiwa kimya baada ya saa 48 na bado ametulia, vuta tena. Ugonjwa wa wiki nne unaweza kungoja siku mbili tatu chini ya macho yako wodini. Lakini akianza kubanwa kifua, presha ikaporomoka, au mdomo ukapinda, vuta seti tatu ndani ya saa moja kisha anza dawa hapo hapo. Hata kwa mgonjwa wa hali mbaya kiasi gani, dakika za kuvuta damu zipo.

---

Maabara_Bakteria amejibu:

Naongezea upande wa damu, maana hapa ndipo kazi inapoharibika.

Seti moja ni chupa mbili, yenye hewa na isiyo na hewa, mililita 10 kila moja kwa mtu mzima. Seti tatu ni mililita 60, kutoka sehemu tatu tofauti za mwili, zikiachana angalau dakika 30. Chupa zikiwa chache, chukua tatu za hewa tu, kila moja kwa mchomo wake, zote zijae mililita 10. Hiyo ni bora kuliko chupa sita zenye mililita 3 kila moja, kwa sababu kiasi cha damu ndicho kinachoamua kuliko kitu kingine chochote. Kwa watoto kiasi hufuata uzito, tumieni jedwali la chupa zenu.

Usingoje homa ipande. Katika endokadaitisi bakteria wanatiririka kwenye damu muda wote, hivyo saa ya kuvuta haijalishi.

Safisha ngozi kwa klorheksidini ya 2% ndani ya spiriti, sugua sekunde 30, acha ikauke sekunde 30 nyingine, na usiguse tena kwa kidole kutafuta mshipa. Ukifungua kifuniko cha chupa, ule mpira wa juu si safi; ufute kwa spiriti. Usivute kupitia kanula iliyokwisha kulala mkononi. Chupa zisiingie kwenye friji. Hili huonekana dogo lakini linaua vijidudu dhaifu, na watu hufanya hivyo kwa nia njema wakidhani wanahifadhi. Ziache kwenye joto la chumba na ziifikie mashine mapema, ikiwezekana ndani ya saa 4.

Kwenye fomu andika: "nashuku endokadaitisi", saa, mkono uliochomwa, na antibiotiki alizopata pamoja na tarehe ya dozi ya mwisho. Stafilokokasi wa ngozi akiota kwenye chupa moja kati ya sita, huwa ni uchafu wa mchomo. Akiota kwenye seti zote tatu, ni yeye, hasa kwa mwenye vali bandia. Vigezo vya Duke vilivyorekebishwa 2023 havidai tena michomo tofauti na muda kati yake, lakini mimi bado ninaidai, kwa sababu bila michomo tofauti huwezi kutenganisha uchafu na ugonjwa.

Kama mgonjwa anafuga au anakunywa maziwa mabichi, tuandikie. Brusela, bakteria wa mifugo, huweza kuota na humwambukiza fundi wa maabara kwa kuvuta hewa akifungua sahani bila kinga. Huyo na Coxiella (bakteria mwingine wa mifugo) mara nyingi tunawatafuta kwa kingamwili kwenye damu pale kalcha zinapokaa kimya.

---

Mfamasia_wa_Wodi amejibu:

Dozi ninazoandika ni za mtu mzima mwenye figo nzima.

Ikilazimu kuanza kabla ya majibu na vali ni yake ya asili: ampisilini gramu 2 kila saa 4, kloksasilini gramu 2 kila saa 4, na jentamaisini miligramu 3 kwa kilo mara moja kwa siku. Figo zikiwa na shida, acha jenta. Ampisilini hiyo hiyo pamoja na seftriaksoni gramu 2 kila saa 12 ni njia mbadala. Vali bandia iliyowekwa karibuni, au mgonjwa wa dayalisisi mwenye katheta, hapo fikiria vankomaisini tangu mwanzo.

Majibu yakija, badili. Streptokokasi wa kinywani anayesikia penisilini vizuri: penisilini G uniti milioni 3 kila saa 4, au seftriaksoni gramu 2 mara moja kwa siku, wiki 4. Enterokokasi: ampisilini gramu 2 kila saa 4 pamoja na seftriaksoni gramu 2 kila saa 12, wiki 6. Angalieni hapo: seftriaksoni peke yake haimgusi enterokokasi kabisa, inafanya kazi kwa kushikana mkono na ampisilini. Staphylococcus aureus anayesikia kloksasilini: gramu 2 kila saa 4, wiki 4 hadi 6. Msimpe vankomaisini kwa kudhani ni kali zaidi. Kwa aina hiyo vankomaisini ni dhaifu kuliko kloksasilini. Aina sugu ndiyo ya vankomaisini, kuanzia miligramu 30 kwa kilo kwa siku zikigawanywa mara mbili. Kwa mtu wa kilo 50 ni 750 kila saa 12.

Siku zinahesabiwa kuanzia kalcha ya kwanza iliyotoka hasi. Kwa hiyo rudieni kalcha kila saa 24 hadi 48 mpaka damu isafike, msihesabu tangu dozi ya kwanza.

Sasa makosa. Dozi ya saa 8 usiku hurukwa. Penisilini hudumu muda mfupi sana kwenye damu, na mgonjwa anayekosa dozi mbili kila usiku hatibiwi. Kama wodi haiwezi kutoa kila saa 4, na bakteria ni streptokokasi anayesikia dawa, seftriaksoni mara moja kwa siku ni chaguo la heshima, si la umaskini. Isipite kwenye mrija mmoja na Ringa, kwa sababu inagandana na kalsiamu.

Jentamaisini: mazoea ya miligramu 80 kila saa 8 yanampa mtu wa kilo 50 miligramu 240 kwa siku, wakati anatakiwa 150. Pimeni kreatinini mara mbili kwa wiki, muulizeni kuhusu mlio masikioni na kuyumba, na kumbukeni frusemaidi huongeza madhara hayo. Kwa stafilokokasi kwenye vali asili, majibu yakishatoka, jenta iondoke: inaumiza figo na haiongezi uponyaji. Na huyu ni mama wa umri wa kuzaa. Pima mimba kabla ya jenta, kwa ajili ya masikio ya mtoto.

Vankomaisini isikimbizwe. Gramu 1 ipite kwa dakika 100 au zaidi, la sivyo mwili unawaka mwekundu, unawasha na presha inashuka, kisha inaandikwa "mzio" kwenye faili ya mtu asiye na mzio.

Rifampisini huingia kwa stafilokokasi wa vali bandia tu, siku 3 hadi 5 baada ya dawa nyingine kuanza, isije ikazaa usugu. Ikianza, INR (kipimo cha damu kuganda) ya anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huporomoka, na ikisimamishwa hupanda kwa hatari. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, anahitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya moja.

Mwisho: sindano ya benzathini ya kila mwezi inazuia baridi yabisi isirudi. Haitibu endokadaitisi, kiwango chake kwenye damu ni kidogo mno. Wapo wanaoichoma kwa mgonjwa mwenye homa wakidhani wamefunika, kumbe wamefifisha kalcha tu.

---

Daktari_Pwani amejibu:

Nyongeza kwa walio Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, kwa sababu sura ya ugonjwa hubadilika kwa wanaojidunga dawa za kulevya. Kwao vali ya kulia, ile ya trikaspidi, ndiyo inayoshikwa zaidi, na bakteria ni aureus mara nyingi. Mabonge hurushwa mapafuni. Mgonjwa huja na kikohozi, maumivu ya kifua akivuta pumzi, na eksirei yenye vivuli kadhaa vya duara, vingine vyenye matundu. Mlio wa moyo unaweza usisikike kabisa. Daktari huandika TB na kuanza dawa zenye rifampisini bila kalcha.

Akiwa kwenye methadoni, iendelee kila siku wodini kwa dozi yake. Mkiikata ataondoka siku ya pili, na wiki 4 za kloksasilini zitakuwa zimeishia hapo. Na ikiwa rifampisini italazimu, hushusha methadoni kwenye damu mpaka mtu anaanza arosto. Wasilianeni na kliniki yake mapema waongeze dozi.

---

Tabibu_Wilayani:

Nashukuruni sana wakuu. Seti tatu nazivuta leo, dawa sianzi kwanza. Mawili yamebaki: nimpe heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) kuzuia bonge lisirukie ubongoni? Na nimpeleke rufaa lini?

---

Dkt_Vali amejibu:

Heparini hapana, aspirini pia hapana kwa lengo hilo. Bonge hili halizuiwi na dawa za kuzuia damu kuganda, na mishipa ya ubongo iliyokwisha kushikwa na maambukizi hupasuka. Akipata kiharusi, dawa ya kuyeyusha donge haitumiki kabisa. Kinga halisi ya kuruka kwa bonge ni antibiotiki sahihi, na hatari hupungua sana baada ya wiki mbili za mwanzo.

Rufaa: piga simu leo, usingoje aharibike. Kwa Tanzania upasuaji wa vali unafanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na mazungumzo ya mapema yanaokoa muda. Vitu vitatu vinaita upasuaji. Cha kwanza na kikubwa ni moyo kushindwa kwa sababu vali imechanika au inavuja mno. Mgonjwa aliyekuwa analala chali jana na leo anakaa kitako usiku, huyo anasafiri leo, na akiwa na maji mapafuni kwa vali iliyopasuka, upasuaji ni ndani ya saa 24. Cha pili ni maambukizi yasiyotii: jipu, fangasi, au kalcha ambazo bado ni chanya baada ya wiki ya dawa sahihi. Cha tatu ni bonge la milimita 10 au zaidi ambalo limekwisha kurusha kipande. Kutomaliza wiki 6 za dawa si sababu ya kuchelewesha kisu. Hofu hiyo imewagharimu wengi.

ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ifanyike kila siku kwa wenye maambukizi ya vali ya aota. PR (muda wa umeme kutoka vyumba vya juu hadi vya chini vya moyo) ikirefuka kupita milisekunde 200, au kuliko ilivyokuwa jana, ujue jipu linakula ukuta karibu na njia ya umeme wa moyo. Kwa maitro ni nadra zaidi, lakini karatasi moja ya ECG ni bei ndogo, mfanyie leo ili uwe na ya kulinganishia.

Homa ikirudi wiki ya tatu ya dawa wakati kila kitu kilikuwa shwari, usikimbilie kubadili antibiotiki. Tazama kanula kwanza, mshipa uliovimba ndio mkosaji wa kawaida. Kisha jipu la bandama, jipu kwenye vali, pingili za mgongo. Homa ya dawa yenyewe ipo pia, hasa kwa penisilini na ndugu zake, mara nyingi ikiambatana na vipele. Vuta kalcha tena kabla ya kugusa chochote.

Kuhusu vidonge: utafiti wa POET wa Denmark uliotolewa 2018 uliwahusisha wagonjwa 400 wa vali za kushoto waliokwisha tulia, takribani nusu yao wakahamishiwa kwenye dawa mbili za kumeza baada ya angalau siku 10 za mshipa, na hawakufanya vibaya kuliko waliobaki kwenye sindano. Ila walipimwa eko ya kooni kabla ya kuhamishwa na walifuatiliwa kwa karibu. Mahali pasipo na hayo, baki kwenye mshipa.

Akipona, aondoke na eko ya kulinganishia, meno yaliyooza yawe yameshughulikiwa kabla hajatoka, na benzathini yake ya kila wiki 3 hadi 4 irudi. Sasa ameingia kundi la hatari kubwa, kwa hiyo kabla ya kung'oa jino au kukwangua fizi anahitaji dozi moja ya kinga dakika 30 hadi 60 kabla. Kwa wengi ni amoksisilini gramu 2, lakini anayechomwa penisilini kila mwezi mdomo wake huwa na streptokokasi waliokwisha kuizoea, hivyo mpe azithromaisini miligramu 500. Kwenye kadi yake ya kliniki andika kwa wino mwekundu: homa yoyote, kalcha seti tatu kabla ya antibiotiki yoyote. Aione hata mhudumu wa duka la dawa.